Kitanda cha Deka: Nafasi Uliyookoa Usiijaze Tena

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Kiloleli, mkoani Simiyu



Mmezoea kwamba tukija hapa tunazungumzia malaria, Ukimwi, mimba za mapema na usafi wa mazingira. Leo nimekuja na kitanda. Naona huko nyuma mmeshaanza kucheka. Chekeni tu, lakini mkimaliza mnisikilize, maana mada hii sikuitunga mimi. Imetoka kwenye sanduku lenu la maswali. Mmoja wenu aliandika hivi:

"Nyumbani tuko watoto wanne chumba kimoja. Baba amesema akishauza pamba atampa fundi kazi ya kututengenezea deka mbili. Mimi ndiye mkubwa, ameniambia nichague zikoje. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka minne na anataka kulala juu. Je, ni salama?"

Hakuandika jina na mimi sihitaji kulijua. Ila nimeona nimjibu mbele ya wote, kwa sababu swali lake ni la wengi. Baadhi yenu mnalala kwenye deka hapa hapa hosteli. Wengine mna wadogo zenu nyumbani. Na nyote, Mungu akipenda, siku moja mtakuwa wazazi na mtasimama mbele ya fundi mkiwa na hela mkononi. Hela ya pamba haiji mara mbili kwa msimu, kwa hiyo ni vizuri kujua unachonunua.

DEKA INAOKOA NINI?

Deka, au kitanda cha ghorofa kama wengine wanavyokiita, ni vitanda viwili vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine. Hebu tuchukue chaki tupige hesabu. Kitanda cha mtu mmoja cha futi 3 kwa 6 kinachukua futi za mraba 18 za sakafu. Watoto wanne wakiwa kila mmoja na kitanda chake, hizo ni futi 72. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina futi za mraba 100. Zinabaki 28 tu, na hapo bado ndoo, tranka na mabegi ya shule havijapata mahali pa kukaa.

Sasa walaze watoto hao hao wanne kwenye deka mbili. Vitanda vinachukua futi 36, zinabaki 64. Mtu anapita. Mlango unafunguka wote. Dirisha linafikika. Mtoto anapata hata pa kuweka kijimeza afanye hesabu zake. Hiyo ndiyo faida ya deka, na ni faida kubwa.

Lakini angalieni tunavyofanya sisi binadamu. Tukiona nafasi imebaki, tunaingiza deka nyingine mbili. Chumba sasa kina watoto wanane. Sakafu imejaa futi 72 zile zile za mwanzo, ila pumzi zimekuwa mara mbili, jasho limekuwa mara mbili, na mlango ni ule ule mmoja. Je, tumeokoa nini hapo? Hakuna. Tumeongeza watu tu.

Kwa hiyo kabla sijaendelea, naomba mshike sentensi moja. Nafasi inayookolewa na deka ni ya njia na ya hewa. Ukiijaza tena, umeitupa faida na kubaki na hatari.

TUMEJIFUNZA KWA UCHUNGU

Mtasema, huyu anatutisha. Jamani, sitishi. Naomba tukumbuke yaliyotokea kwa wanafunzi kama ninyi.

Juni 1994, moto uliteketeza bweni la wasichana wa Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, mkoani Kilimanjaro. Walikufa wasichana zaidi ya 40. Agosti 2009, katika Sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, walikufa wasichana 12. Moto ule ulitokana na mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa anajisomea usiku. Septemba 2020, huku huku Kanda ya Ziwa, bweni la shule ya msingi ya Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, liliungua na wakafa watoto 10.

Majirani zetu wa Kenya nao wamelia. Machi 2001, katika Sekondari ya Kyanguli, Machakos, walikufa wavulana 67. Moto uliwashwa kwa makusudi, lakini kilichoongeza vifo ni kwamba mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Na Septemba 2024, katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, walikufa watoto 21 katika bweni lililokuwa na watoto zaidi ya 150.

Sisemi kwamba deka ndizo zilizowasha moto. Kitanda hakiwashi moto. Lakini jinsi vitanda vilivyopangwa kunaamua nani atatoka na nani atabaki.

Fikirini mambo mawili. La kwanza, moshi hupanda juu. Moto ukianza, moshi wa moto na hewa ya sumu hujaa kwanza karibu na bati, halafu hushuka kidogo kidogo. Aliyelala juu ndiye anayevuta moshi wa kwanza, tena akiwa usingizini. Na magodoro yetu haya ya sponji huwaka haraka na moshi wake ni mkali mno. La pili, aliyelala juu hawezi kutoka kama aliyelala chini. Lazima aamke, ajue yuko wapi, atafute ngazi gizani, ashuke, ndipo aanze kutafuta mlango. Sasa akishuka akakuta deka zimebanana na matranka yamejaa katikati, anapita wapi?

Baada ya kupoteza watoto wengi, Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008. Unataka nafasi ya angalau mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya kupita isiyopungua mita 2. Unataka milango ifunguke kwa nje na isifungwe kwa nje wakati wanafunzi wako ndani. Unataka madirisha ya bweni yasiwe na nondo. Someni tena vipimo hivyo. Vyote vinazungumzia nafasi tupu. Nafasi tupu ndiyo inayookoa maisha.

MWAMBIE FUNDI HAYA

Sasa turudi kwa mwenzetu na deka za baba yake. Fundi hutengeneza alichoambiwa. Ukimwambia tu "nitengenezee deka", atakutengenezea kama ile aliyomtengenezea jirani, yawe mema au mabaya. Nenda na vipimo, mkubaliane kabla hajakata mbao wala chuma.

1. Ukingo pande zote mbili. Kitanda cha juu kiwe na ukingo upande wa njia na upande wa ukutani pia. Watu wengi husema, "Ukuta upo, ukingo wa nini?" Kitanda husogea. Kikiachana na ukuta kidogo tu, mtoto mdogo anaweza kuteleza katika ule mwanya, kichwa kikakwama.

2. Ukingo upimwe kuanzia juu ya godoro. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kiwango cha Ulaya kinataka ukingo uzidi godoro kwa sentimeta 16. Marekani wanataka usipungue inchi 5, yaani karibu sentimeta 13. Sisi tuchukue 16. Fundi akikuwekea ukingo wa sentimeta 30 kutoka kwenye chaga, ukalaza godoro la inchi 4, ambalo ni kama sentimeta 10, unabaki na 20. Safi. Ukija na godoro la inchi 8, ambalo ni sentimeta 20, unabaki na 10 tu. Godoro nene limeumeza ukingo! Kwa hiyo godoro la juu liwe jembamba. Kama unapenda godoro nene, lala chini.

3. Mianya isizidi sentimeta 9. Nafasi kati ya chuma na chuma, au kati ya ukingo na godoro, isiruhusu mwili wa mtoto kupita. Mwili ukipita na kichwa kikabaki, mtoto ananyongwa.

4. Ngazi ifungwe imara. Vipandio viwe bapa, mguu upate pa kukanyaga, visiwe vyuma vyembamba vinavyoteleza. Ngazi ya kuegesha tu siyo ngazi. Usiku wa giza utaikuta imeanguka.

5. Maungio. Kitanda cha mbao kifungwe kwa bolti na nati, misumari peke yake hulegea. Cha chuma, kagua alama za kuchomelea, kisha pigwe msasa ili pasiwe na ncha za kukata. Chaga za juu ziwe nyingi, nene, na zifungwe zisiteleze. Chaga ikikatika usiku, wanaoumia ni wawili.

6. Kimo. Wa chini aweze kukaa wima kitandani. Wa juu naye aweze kukaa bila kichwa kugusa bati, misumari ya dari, waya za umeme au pangaboi. Nyumba yako ikiwa fupi, deka haikufai hata kama ni nzuri.

7. Jaribu kabla hujalipa hela ya mwisho. Shika kitanda cha juu kwa mikono miwili, tikisa kwa nguvu. Kikiyumba hapo kwa fundi, nyumbani kitayumba zaidi.

Na kama chumba ni kifupi au watoto wote ni wadogo, iko njia nyingine ya kuokoa nafasi. Fundi anaweza kutengeneza kitanda kifupi chenye magurudumu kinachoingia uvunguni mwa kitanda kikubwa. Mchana kinasukumwa ndani, usiku kinavutwa. Mtoto akianguka hapo, anaanguka kimo cha kiganja.

NANI ALALE JUU?

Sasa jibu la swali. Mtoto wa miaka minne asilale juu. Wataalamu wa afya ya watoto wanashauri mtoto wa chini ya miaka 6 asilale kitanda cha juu, hata kama kina ukingo. Hajui kushuka vizuri, na akiamka usiku na usingizi anasahau kama yuko juu. Mwambie mdogo wako zamu yake itafika. Na mchana asigeuze juu kuwa uwanja wa michezo. Kuruka ruka juu ya deka ni marufuku kwa wote, hata kwa Kidato cha Nne!

Hapa hosteli nako wapo wanaostahili kitanda cha chini. Mwenye kifafa alale chini. Mwenye selimundu, ambayo kwetu Kanda ya Ziwa wanayo wengi, alale chini, maana usiku wa maumivu hawezi kupanda ngazi. Mgonjwa wa malaria mwenye homa na kizunguzungu ashushwe chini mpaka apone. Na yule anayekojoa kitandani apewe kitanda cha chini bila kutangazwa. Kukojoa usiku si uvivu wala si tabia mbaya, na kumcheka mwenzako hakumponyi.

Tena kitanda cha mtu mmoja kilaliwe na mtu mmoja. Kule vyuoni tuna neno letu, kubebana, yaani wawili kitanda kimoja. Deka haikutengenezwa kubeba wawili juu. Chaga zinachoka, upele na kunguni wanahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Na nyumbani ikibidi wadogo walale wawili kitanda cha chini, walale mzungu wa nne, kichwa hapa na miguu kule, angalau wasikoholeane usoni.

CHANDARUA KWENYE DEKA

Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na hawajali umelala ghorofani au chini. Kila kitanda kiwe na chandarua chake chenye dawa. Chandarua kimoja kilichotupwa kuanzia juu mpaka chini hakifai, kwa sababu wa juu akipanda na kushuka anakiacha wazi usiku kucha.

Kwa kitanda cha chini, tumia chandarua cha pembe nne, funga kamba zake kwenye mifumbati ya kitanda cha juu, halafu chomeka pindo chini ya godoro. Kwa kitanda cha juu, mwombe fundi achomelee nguzo nne fupi kwenye kona, kila moja iwe na kitanzi cha kamba. Ni kazi ndogo kama ataambiwa mapema. Na tahadhari moja: mshumaa, koroboi na chandarua havikai pamoja. Anayetaka kujisomea usiku atoke kitandani. Mkumbuke Idodi.

MTU AKIANGUKA

Mtu akianguka kutoka juu, msimkimbilie na kumwinua kwa kumvuta mikono. Kama analalamika shingo au mgongo, au hajitambui, mwacheni alale alivyo, mmoja amshikie kichwa kisiyumbe, mwingine akaite matroni au patroni. Akiwa amepoteza fahamu hata kwa dakika moja, akitapika mara kwa mara, akisinzia na kuwa mgumu kuamka, akipata degedege, au akitoka damu au maji puani na masikioni, apelekwe kituo cha afya mara moja. Msiseme "atalala atapona." Kichwa huumia kwa ndani, nje pakaonekana pazima.

Moto ukitokea, pigeni kelele kuamshana, tokeni mkiwa mmeinama kwa sababu hewa safi iko chini, na asirudi mtu kufuata tranka. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Lakini gari la zimamoto likiwa mbali, kinachowaokoa ni ile njia mliyoiacha wazi.

KAZI YENU YA WIKI HII

Najua mtasema, "Dada, sisi ni wanafunzi tu. Deka hatukuzinunua sisi, na bweni hatukulijenga." Ni kweli. Lakini rula mnazo. Jumamosi hii, viranja wa mabweni chukueni daftari na rula. Pimeni ukingo kutoka juu ya godoro. Tikiseni kila kitanda. Hesabuni chaga zilizovunjika. Pimeni njia ya katikati. Lazeni deka zote macho, halafu mtu wa juu kabisa, wa kona ya mbali, ashuke na kutembea hadi mlangoni taa zikiwa zimezimwa. Akijikwaa, andikeni amejikwaa kwenye nini. Kisha angalieni funguo ya mlango usiku inakaa kwa nani, na yeye analala wapi.

Karatasi hiyo mpelekeeni matroni na patroni kwa adabu, ili nao waifikishe kwa Mkuu wa Shule na bodi. Malalamiko matupu hupita kama upepo, lakini karatasi yenye vipimo inaweza kuwekwa mezani ikajadiliwa kwenye kikao. Na mambo mengine hayahitaji hata kikao. Kuondoa matranka njiani hakugharimu senti tano. Kukaza nati kunahitaji spana na dakika kumi.

Na wewe mwenzetu uliyeandika swali, baba amekupa heshima kubwa. Mpelekee jibu hili: deka mbili ni nzuri, ukingo pande zote, godoro jembamba juu, mdogo wa miaka minne chini, chandarua kila kitanda. Futi zile 64 zitakazobaki zisijazwe magunia wala kitanda cha tano. Mgeni akija, atandikiwe mkeka, asubuhi unakunjwa. Mlango ubaki wazi kufunguka.

Tahadhari kabla ya hatari. Sasa nipo tayari kwa maswali, na yule aliyecheka mwanzo ndiye ataanza!